Kufuli la Nakuja

Ukiweka sanduku lako kwenye mkanda pale mbele ya kaunta, ukapewa karatasi yako na kutakiwa safari njema, sanduku lile linasogea mbele kidogo, linasukuma mapazia ya mpira, na kuanzia hapo huna habari nalo. Unakwenda zako kunywa kahawa. Abiria wengi ukiwauliza watakuambia limekwenda kwenye ndege, kana kwamba ndege imeegeshwa nyuma ya pazia. Kumbe limeshuka chini, kwenye ghorofa isiyo na dirisha hata moja, na huko linaanza mwendo mrefu kuliko utakaoutembea wewe uwanjani. Linapanda, linapinda, linapigwa picha ya tumbo, linasukumwa na mkono wa chuma kushoto au kulia, mpaka liangukie mbele ya watu wa kulipakia. Mwendo wote huo ni juu ya mikanda, na mikanda ile kwa miaka mingi ilikuwa chini ya mwanamke mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto walio mbali, ambaye mafundi wenzake walimwita Bi Mkanda.

Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Maisha ya kazi aliyaanzia kwenye karakana ya kuziba matairi, msichana peke yake kati ya wanaume, na kilichomtoa huko ni mpira. Uwanja ulikuwa unatafuta mtu wa kuunga mikanda iliyochanika, na mkanda huungwa kwa gundi na moto, vilevile kama tairi. Mzee aliyemfanyia usaili alimpa kipande kilichochanika, akamwambia akirudishe kesho. Yeye alikirudisha jioni ileile. Mzee akakivuta, akakikunja, akakikanyaga kwa kisigino, akasema basi, njoo kazini. Mengine alijifunzia humohumo ndani: mota, minyororo, beringi, grisi ya kwenda huku na grisi ambayo ukiipeleka kule umejitafutia balaa. Wala hakuwa na kipaji cha kutangaziwa. Alikuwa tu mtu wa kushika jambo na kutoliachia, tabia ambayo kazini huitwa bidii na nyumbani huitwa ubishi.

Mumewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno mengi, na aliwaambia wateja wake kwamba kwake hakuna haja ya saa ya kengele kwa kuwa mke wake hukoroma kama mota inayotaka kuungua. Wateja wakicheka, Bi Mkanda naye alicheka. Alimjua mumewe, bila watu wa kumsikiliza angeugua.

Huko chini taa hazizimwi. Kuna harufu ya mpira wa moto na vumbi la mabegi, mabomba yamepita juu ya kichwa, na kelele ni ya namna moja tu kutwa nzima, hata anayeizoea hushtuka siku inaponyamaza. Pembeni mafundi wana meza yao ya chai, birika la umeme na vikombe visivyofanana. Juu ya meza kuna rafu ya vitu vilivyodondoka kwenye masanduku na kukosa mwenyewe: kiatu kimoja cha harusi, mdoli asiye na mkono, tochi, meno ya bandia. Meno yale yalikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya mafundi, na kila mgeni wa kazi aliambiwa ni ya meneja wa kwanza.

Kisha ukaja upanuzi. Uwanja ulikuwa umezidiwa na watu, ikaamuliwa mikanda yote ya zamani ing'olewe na kuwekwa mtambo mpya, lakini bila kufunga uwanja hata siku moja. Ni sawa na kubadili bati la nyumba huku wenyewe wamelala ndani na mvua inanyesha. Walibadili njia moja, wakahamishia mizigo huko, wakang'oa nyingine. Ilikuwa kazi ya kusaga meno. Bi Mkanda aliongoza zamu yake katika kazi hiyo tangu njia ya kwanza, na kadiri njia zilivyopungua ndivyo maneno yalivyoongezeka kwamba mtambo mpya utahitaji msimamizi mkuu, na msimamizi mwenyewe nani kama si yeye. Meneja wa ghorofa ile, mwanamume mrefu aliyekuwa na simu mbili na hamu ya kuzijibu zote kwa pamoja, alimwambia wazi.

"Siku ya kuunganisha njia ya mwisho ikipita salama, mimi sitafuti mtu mwingine."

Aliitaka nafasi ile, na hakujificha kwamba anaitaka. Magoti yake yaliitaka zaidi. Miaka ya kutambaa chini ya mikanda ilikuwa imeyamaliza, na msimamizi mkuu hutembea wima kama binadamu wengine. Mumewe alishampima na kumshonea mashati mawili ya kola ngumu, ya kuvalia cheo. Yalikuwa yanangoja kabatini, yamepigwa pasi.

Sasa kulikuwa na mdogo wake. Alikuwa kitinda mimba, mtoto wa mama hasa, mwenye uso wa kumfanya mtu amsamehe kabla hajakosa. Bi Mkanda ndiye aliyemwingiza kazini, baada ya mama yao kumwimbia wimbo uleule mwaka mzima: mdogo wako anakaa tu, mdogo wako ataharibika, wewe mkubwa unaona tu. Kazi yenyewe aliiweza, mikono alikuwa nayo. Kilichomshinda ni kukaa. Akiondoka mahali alisema "nakuja", na ukisikia hivyo jua umeagana naye mpaka kesho. Mafundi wakamwita Nakuja. Njia yake ya kutorokea ilijulikana na wote: alidandia lori la mkandarasi, akajilaza katikati ya maboksi matupu, akapita geti bila kugusisha kadi. Dada yake alimsema, akamsema tena, akamtisha. Kumpeleka kwa wakubwa hakumpeleka. Alikuwa mdogo wake.

Hapa ni lazima nieleze habari ya makufuli, maana ndiyo iliyoleta yote. Fundi haingizi hata kidole kwenye mkanda kabla swichi kuu haijazimwa na kubanwa kwa kibanio cha chuma chenye matundu. Kila anayeingia ndani anatundika kufuli lake kwenye tundu, ufunguo anautia mfukoni. Akitoka analifungua mwenyewe. Yakiisha yote, mkanda unawashwa. Likibaki moja hauwashwi, aje nani, aseme nini. Kila mmoja alilitia lake alama, huyu rangi ya kucha, yule uzi mwekundu. La Nakuja lilipakwa rangi ya njano na kubandikwa picha ya mpira wa miguu.

Watu wa kazi hii wana kosa lao ambalo hulikuti kwa walimu wala kwa waoka mikate: kwenda nyumbani na ufunguo. Kila mmoja aliwahi kulifanya. Anapigiwa simu, anarudi huku amenuna, anafungua, na adhabu yake ni kununua sukari ya chai mwezi mzima na kupigiwa makofi kila akiingia. Kulikata kufuli la mtu kunaruhusiwa pia. Mkasi wa kukatia vyuma umefungiwa kwenye kabati la kioo ukutani, na ufunguo wa kabati anao kiongozi wa zamu. Lakini sharti mwenye kufuli awe ameonekana kwa macho kwamba yuko nje, au sauti yake mwenyewe isikike kwenye simu. Kuambiwa na mtu hakutoshi, na kudhani ndio kabisa.

Siku ya njia ya mwisho ilipangwa katika ule mwanya wa mchana, ndege za asubuhi zimeondoka na zile kubwa za jioni bado. Asubuhi Nakuja alipewa shimo la kona. Ni pale mkanda unapopinda chini ya ukumbi wa abiria, mahali pa kutambaa kwa tumbo, na kazi ilikuwa kusafisha rola na kuzipaka grisi kabla hazijafunikwa. Alitundika kufuli lake, akaingia akipiga mluzi. Baadaye watu wa mkandarasi wakaja na mabati yao na nyavu zao za chuma, wakaifunika kona yote na kukaza boliti bila mtu kuchungulia shimoni. Mchana ulipofika kila kitu kilikuwa tayari. Mafundi wakapanga mstari mbele ya swichi, kila mtu akafungua lake, wakataniana, wakafuta mikono. Kwenye kibanio likabaki moja la njano.

"Nakuja yuko wapi?" Bi Mkanda akauliza.

"Alisema anakuja," fundi umeme akajibu, na watu wote wakaangua kicheko. Bi Mkanda mwenyewe alicheka kidogo.

Alimpigia simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akawauliza watu wa geti, wakatazama kwenye mashine yao, wakasema kadi ya mtu huyo imeingia asubuhi na haijatoka. Hilo halikumshtua mtu, maana njia ya lori ilijulikana. Mmoja akasema alimwona karibu na lori wakati wa chai. Mwingine akasema hapana, wakati wa chai alimsikia akipiga mluzi shimoni. Wakaulizana, wakabishana, na kila aliyekuwa na hakika alianza kuipunguza.

"Bi Mkanda, huyu yuko nyumbani kajinyoosha," fundi umeme akasema. "Wewe mwenyewe unajua."

"Najua," akasema, kisha akachukua tochi, akapiga magoti na kuingia kwenye mkanda kwa upande wa juu.

Alitambaa mpaka ulipo wavu mpya wa chuma. Mbele ya wavu mwanga wa tochi uliishia kwenye rola za mwanzo. Kona yenyewe ilijificha. Aliita. Aliita jina la kazini, kisha akaita lile la nyumbani, la utotoni, ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia. Hakukuwa na jibu, na mtu mwenye akili angesema hakuna jibu kwa kuwa hakuna mtu. Lakini mtu aliyegonga kichwa akazimia naye hajibu. Kufungua nyavu na mabati yale upya ilikuwa kazi ya kutwa nzima.

Alirudi kinyumenyume, magoti yakimlaani, akakaa juu ya sanduku la vifaa na kumpigia mama yake. Kwa hakika aliyokuwa nayo wakati ule, alikuwa anapiga ili amtukane mdogo wake na kumaliza mambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Huyo mwanao mdogo yuko hapo?"

Upande wa pili televisheni ilikuwa inaongea, kisha ikapunguzwa sauti.

"Hayupo."

"Mama, hayupo kweli?"

"Nimekwambia hayupo. Si yuko kazini na wewe? Unamtafutaje kwangu?"

"Haya, mama."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kabla ya simu ile alikuwa anamwona mdogo wake kwa macho ya moyo, amejilaza kwenye kochi la mama, miguu juu ya mkono wa kochi, kama Jumamosi zote. Sasa kochi likawa tupu. Akabaki na shimo la kona, na kadi isiyotoka getini.

Akamtuma dereva wa gari la mafundi aende kwenye chumba alichopanga Nakuja. Meneja akashuka kabla dereva hajarudi. Huko juu wakubwa walikuwa wamevaa tai, wamekuja kuona sanduku la kwanza likipita kwenye mtambo mpya, na nyuma yao abiria wa jioni walishaanza kufika na mizigo yao.

"Tatizo nini?"

"Kufuli."

"La nani?"

"La mdogo wangu."

Meneja akavuta pumzi. Alikuwa anazijua habari za Nakuja, nani hakuzijua. "Sikiliza. Huyo mtu ametoroka. Anatoroka kila wiki. Kata tuwashe."

"Hajaonekana."

"Mama, nakuomba. Juu kule kuna watu wazito, na mimi nimewaambia dakika tano." Simu yake moja ikaita, akaikata. "Unajua leo ni siku gani kwako. Usijifanye hujui."

"Najua."

"Basi kata."

Bi Mkanda akaingiza mkono shingoni, akavua kamba yenye ufunguo mdogo wa kabati na kuunyoosha mbele yake. Hakufanya hivyo kwa kiburi. Alikuwa amechoka na alitaka kwa dhati mtu mwingine auchukue.

"Kata wewe, bosi. Mimi mkono wangu haufiki."

Meneja aliutazama ule ufunguo. Akaitazama kona, mabati yake mapya yaking'aa. Simu zote mbili zikaita, asijibu hata moja. Mwishowe akarudisha mikono mfukoni, akasema anapanda juu kuwaeleza, na akapanda.

Dereva akapiga simu. Chumbani hayupo, mlango una kufuli kwa nje, jirani anasema hajamwona tangu alfajiri. Huko juu ile mizigo ikaanza kulundikana. Wapakiaji wakaitwa kuibeba kwa mikono, masanduku ya watu yakishushwa ngazi kwa ngazi, na kipaza sauti kikiomba radhi kwa sauti ya mwanamke asiye na habari na lolote. Ndege moja ikaondoka na nusu ya mizigo yake. Nyingine ikaondoka bila hata begi. Wakubwa wenye tai wakatazama saa, wakapeana mikono na kwenda zao, na Bi Mkanda, aliyekuwa amekaa palepale kwenye sanduku la vifaa, alijua kwamba kitumbua chake kimeingia mchanga. Ilimuuma. Lakini kila alipofikiria kuinuka akafungue lile kabati, aliuona mkanda unaanza kwenda, na miguu haikuinuka.

Alimpigia dereva.

"Pita kwa mama."

"Si umesema mama kasema hayupo?"

"Pita tu, baba."

Hakuwa na sababu. Hakuwa na pengine pa kumtuma, basi. Akakaa na simu mkononi, na ilipoita aliitazama kwanza kabla ya kuipokea.

"Dada?" ilikuwa sauti ya Nakuja, nzito ya usingizi. "Kuna nini? Huyu mtu ananivuta tu. Haya, nakuja."

Mafundi waliokuwa karibu walisikia. Hakuna aliyecheka. Bi Mkanda akakata simu, akainuka na kufungua kabati. Mkasi ulimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili kufuli la njano likakatika na kuanguka sakafuni. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, zote kwa mpigo, na hakuweza kusema ipi imetangulia. Mkanda ukawashwa. Ulikwenda vizuri kabisa, kimya kuliko wa zamani, na sanduku la kwanza lilipita bila mtu wa kulipigia makofi.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Meneja alisema kweli tupu, hata ile inayomchoma mwenyewe: kwamba alipewa ufunguo na hakuuchukua. Kamati ikampongeza Bi Mkanda kwa kushika kanuni ya makufuli. Kisha ikamuuliza kama alijua mtu wake ana mazoea ya kutoroka kwa lori. Akasema alijua. Wakamuuliza kama aliwahi kutoa taarifa. Akasema hakuwahi. Hapo hapakuwa na la kuongeza, na ukitaka maoni yangu, kamati haikukosea. Nafasi ya msimamizi mkuu akapewa mtu wa kutoka zamu nyingine, mtulivu, asiye na ndugu kazini. Nakuja akamwaga unga siku hiyohiyo. Mashati mawili ya kola ngumu mumewe aliyatoa kabatini bila kuulizwa, akayapunguza mikono, akamwambia yatafaa kwa kutembelea. Kwa mara ya kwanza tangu waoane hakupata la kuwachekesha wateja kuhusu mke wake, na hakulitafuta.

Jumapili Bi Mkanda akaenda kwa mama. Nakuja alikuwa kwenye kochi. Hakuinuka, wala hakumwamkia.

"Umenikosesha kazi, Dada," akasema akitazama televisheni. "Ungekata tu. Nani angejua? Ungekata, mkanda ungewaka, mimi ningenunua sukari, basi."

"Ungekata tu, mwanangu," mama naye akasema kutoka mlangoni mwa jikoni. "Kichwa chako hicho kigumu, ona sasa. Wewe umekosa, na mwenzio amekosa."

Bi Mkanda alimtazama mama yake. Mabaya ya siku ile yote alikuwa ameyabeba, moja tu lilikuwa limekataa kubebeka.

"Mama, mimi nilikupigia."

Mama akajitia kutafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

"Nilikuuliza kama yupo."

"Uliuliza kama yupo!" mama akapandisha sauti. "Hukuniambia kuna habari ya kufa! Kila siku unampigia kumgombeza, na siku hiyo nikajua ni yaleyale. Mtoto amelala, amechoka, kaniambia akipiga dada sema sipo. Ningejuaje?"

Bi Mkanda aliona mama amesema kweli: hakumwambia. Aliinua mkoba wake, akaaga, na siku nyingi zikapita bila simu kati yao, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata alipoolewa. Alirudi kwenye zamu yake, kiongozi wa zamu kama zamani. Mkandarasi alikuwa ameacha boliti mbili hazijakazwa kwenye kona, akapiga magoti kuzikaza mwenyewe. Alimtumia Nakuja salamu kupitia watu, hakuzijibu. Baadaye zikamfikia habari kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha saruji nje ya mji, na kwamba huko pia ni mikanda.

Bi Mkanda alikuwa kwenye meza ya chai, kikombe mkononi, mama alipopiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Fundi umeme alikuwa anaeleza jambo kwa sauti, Bi Mkanda akamwashiria anyamaze.

"Mdogo wako ameanza kazi huko kwenye saruji," mama akasema.

"Nimesikia. Ni jambo jema."

"Anasema mikanda yao mikubwa kuliko yenu. Inabeba mawe." Akakohoa kidogo. "Na huko wanatundika makufuli?"

"Sijui, mama. Wanapaswa kutundika."

"Na anayekaa kwenye swichi ni nani?"

"Sijui. Atakuwepo kiongozi wao."

"Ni mtu wa namna yako?"

Bi Mkanda akaweka kikombe chini. "Sijui, mama. Nitakwenda nimwone."

"Nenda," mama akasema. "Nenda hata kesho. Halafu mpe namba yangu ya simu. Mwambie akiniuliza, nitamwambia kweli."